Nani Anamlipa Kiongozi wa Kujitolea?

Ukihamia Goba, Madale, Chanika au Kibada siku hizi, jirani akishakusalimia tu atakuomba namba yako ya simu akuingize kwenye grupu la mtaa. Jioni hiyohiyo utakuta ujumbe umebandikwa WhatsApp: mchango wa kifusi, majina yamepangwa kwa namba, mbele ya kila jina kiasi kilicholipwa au neno "ahadi". Chini kabisa ipo namba ya mhazini. Huyo mhazini hajaajiriwa na mtu. Siku ya mkutano wa kwanza iliulizwa nani yuko tayari, watu wakainamia simu zao, mpaka mama mmoja akasema, "Mwalimu, tusaidie hata mwaka mmoja tu." Mwalimu mstaafu akakubali. Sasa ni mwaka wa nne, na kila akigusia kupumzika anaambiwa, "Mwalimu, ukiondoka wewe hii kitu inakufa."

Umoja wa wakazi wa namna hii umezagaa pembezoni mwa Dar es Salaam, na haukosekani Arusha, Mwanza wala Dodoma. Wapo wanaousifu kuwa ndiyo demokrasia halisi, majirani wakijiongoza wenyewe. Wapo wanaosema ni njia ya kuiondolea serikali mzigo wake na kuwatwisha watu wachache waungwana. Pande zote mbili zina hoja. Niseme mapema ninapoegemea: kujitolea kuongoza ni kuzuri kazi ikiwa na mwisho unaojulikana, na ni mtego pale nafasi inapogeuka ofisi ya kudumu isiyo na mshahara.

Swali la kwanza ambalo mgeni angeuliza ni kwa nini umoja uwepo wakati serikali ya mtaa ipo. Sheria imeweka mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake, wanaochaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024. Yupo pia mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa halmashauri. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Kugombea uenyekiti wa mtaa lazima udhaminiwe na chama cha siasa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha hapahapa, iliamua Juni 2013 kwamba kumkatalia mgombea binafsi ni kuvunja haki yake, lakini mlango haujafunguliwa. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa na CCM ikachukua karibu kila kiti kwenye mitaa zaidi ya 4,200. Mwaka 2024 upinzani ulishiriki, na matokeo hayakutofautiana sana. Kwa hiyo injinia mstaafu anayejua maji ya mvua yanakotoka na yanakokwenda, lakini hana kadi ya chama na haitaki, hana pa kuongozea isipokuwa kwenye umoja.

Hali hii ina mizizi ya zamani. TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoanzisha nyumba kumi miaka ya 1960, ujirani na chama viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Vyama vingi vilirudi 1992, lakini balozi wa nyumba kumi alibaki kiongozi wa chama ambaye hata asiye mwanachama hupeleka kwake kesi ya kuku aliyeibwa. Nadhani ndiyo maana umoja mwingi huandika kwenye katiba yake, kifungu cha pili au cha tatu, kwamba hautajihusisha na siasa. Hilo ndilo linaloupa thamani machoni pa wakazi.

Na umoja ukifanya kazi, unafanya kweli. Mfano ninaoupenda ni wa Tabata, Dar es Salaam. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake pale, moshi na harufu vikiwaingilia watu ndani. Wakazi walijikusanya wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 29 ya mwaka 1988, na mahakama ikaliamuru jiji liache. Jiji lilivuta muda, likarudi mahakamani kuomba kuongezewa siku, mwishowe likahama. Hakuna diwani aliyewafanyia hilo. Wakazi wenyewe ndio walioipeleka kesi mahakamani.

Lakini fuata lori lile la taka uone lilielekea wapi. Jiji lilijaribu Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi mamia walifungua kesi mwaka 1991, wakashinda. Dampo likaishia Vingunguti. Wa Vingunguti hawakuwa watu wa hali ya chini kwa akili wala kwa uvumilivu. Walikosa tu waliokuwa navyo wenzao: watu wenye muda, wenye kujua kuandika barua kwa wakili, wenye ajira ambazo hazivunjiki mtu akikosa siku mbili. Hapa ndipo sifa za kujitolea zinapoanza kuniwia ngumu. Mtaa wenye viongozi wa bure wenye uwezo hujiokoa, na tatizo linasukumwa kwa jirani asiye nao.

Hanna Nassif, Kinondoni, inaonyesha njia tofauti. Miaka ya katikati ya 1990, eneo lile la bondeni lililokuwa likijaa maji kila masika lilijengewa mitaro na barabara, na chama cha wakazi ndicho kilichopewa mkataba wa kazi, kikisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wengine. Wakazi waliochimba mitaro walilipwa. Viongozi wa chama walijitolea kuongoza, lakini kulikuwa na wahandisi wa kuwashauri, fedha zilizokuwa na mwenyewe, na kazi yenye mwanzo na mwisho. Hawakuachiwa mtaro na koleo wakaambiwa "jitoleeni".

Sasa tazama kazi ambazo hazina mwisho. Kwa miongo kadhaa maji vijijini yaliendeshwa na kamati za watumia maji, wanakijiji waliochaguliwa na wenzao na kufanya kazi bila malipo. Serikali ilipohesabu vituo vya maji vijijini miaka zaidi ya kumi iliyopita, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havitoi maji. Sababu zilikuwa nyingi, pampu mbovu na vyanzo kukauka vikiwemo, lakini kamati nazo zilichoka: mhazini kahama, fundi hajalipwa, daftari la makusanyo limeliwa na mchwa. Mwaka 2019 ilikuja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, wakala wa maji vijijini, RUWASA, ikaanzishwa, na vyombo vya maji vya jamii vikatakiwa kuajiri mafundi na watunza hesabu. Kwenye afya ni vivyo hivyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka kwa fulana na semina, mpaka Januari 2024 serikali ilipozindua mpango wa kuwa nao zaidi ya 137,000 wanaolipwa posho. Serikali yenyewe, kwa vitendo, imekiri kwamba kazi ya kila siku haiendi kwa moyo peke yake. Kenya nako, wazee wa vijiji wanaotatua ugomvi na kumsaidia chifu bila mshahara wamepiga kelele miaka mingi walipwe.

Watetezi wa kujitolea wana jibu, na si jibu jepesi. Wanasema: mlipe mwenyekiti wa umoja uone. Kwanza hela yenyewe haipo. Mtaa wenye kaya sitini unaochanga elfu tano kwa mwezi, na nusu yake ni ahadi, utamlipa mtu kwa lipi? Pili, posho ikitajwa tu, wanaogombea wanabadilika. Wanakuja waliotafuta posho. Tatu, na hili ndilo zito, mwalimu yule anaweza kumpigia simu mtu mwenye gari tatu na kumwambia, "Baba, mchango wako wa mtaro bado," bila kuona haya, kwa sababu kila mtu anajua haingizi senti. Siku akianza kulipwa, simu hiyohiyo itasikika kama anadai mshahara wake. Nakubali yote matatu.

Ninachobisha ni neno "bure". Kuongoza umoja kunakula bando, vocha na nauli ya kwenda ofisi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kuulizia barua iliyopelekwa mwezi uliopita. Kunakula Jumamosi. Asiyelipwa na umoja analipwa na kitu kingine: pensheni, duka, mume au mke mwenye kipato. Dereva wa bodaboda hawezi kusimamisha pikipiki nusu siku kusubiri ofisa aliyeko kwenye kikao. Mama ntilie hawezi kuacha sufuria jikoni. Kwa hiyo uongozi wa bure huchuja watu kwa mfuko kabla hata kura hazijapigwa, halafu tunashangaa kwa nini umoja unaipa geti na mlinzi kipaumbele kuliko kivuko cha watoto wa shule.

Na kuna wanaojilipa kimyakimya. Mwenye greda anampa mwenyekiti "ya soda". Kazi ya kumwaga moramu inakwenda kwa shemeji. Mwingine hataki hela hata kidogo, anatengeneza jina la kugombea udiwani, na uchaguzi ukikaribia picha za kalvati zinaanza kusambaa na sura yake mbele. Kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, hali hii iliuma zaidi. Kamati za wakazi waliojitolea zilikusanya fedha za upimaji kwa nia njema, zikazikabidhi kwa kampuni, na baadhi ya kampuni zikapotea kazi ikiwa nusu. Aliyebaki mtaani kutukanwa ni mwanakamati. Alikuwa amejitolea muda wake. Hakujua kwamba amejitolea na heshima yake.

Wapangaji sijawagusa, na wao ndio wengi. Kwenye umoja mwingi mpangaji haongezwi kwenye grupu; anaongezwa mwenye nyumba, ambaye pengine yuko Mwanza au Muscat na hajaikanyaga barabara ile tangu amwage msingi. Anayelala gizani na kukanyaga tope hana sauti. Mwenye sauti hana tope. Sijaona hoja ya maana ya kutetea hilo.

Serikali nayo isikwepe. Barabara za mitaa ni jukumu la TARURA tangu 2017. Umoja unaponunua kalvati kwa milioni kadhaa, ni vizuri kwa gari lako, lakini mwaka wa bajeti unaofuata mtaa wenu utaonekana hauna shida. Mimi nisingewashauri wakazi waache kuchanga wakisubiri. Mvua za Machi hazisubiri bajeti. Ila kila mchango ungeambatana na barua yenye mhuri wa kupokelewa, ikieleza kiasi na kazi, ili isije kusemwa baadaye kwamba wananchi hawakuomba.

Kwa upande wa uongozi wenyewe, naona sheria ya maji imetegua kitendawili hiki vizuri kuliko wengi walivyotambua: maamuzi yabaki kwa wananchi wasiolipwa, kazi za mikono na za hesabu zilipiwe. Kijana wa mtaani aliyemaliza chuo anaweza kulipwa kidogo kwa mwezi akusanye michango, atoe risiti na kuandika mihtasari. Mwenyekiti abaki na kazi ya kuamua na kusema. Nauli na bando lake virudishwe, na viandikwe kwenye orodha ileile ya WhatsApp inayoonyesha kifusi, bila kuona aibu. Muda uwe miaka miwili, na anayemfuata ajulikane mapema akiwa makamu, ili mwalimu wetu asibaki mateka wa wema wake. Hela isikae kwenye laini ya mtu mmoja; akaunti za vikundi zinazohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha zipo hata kwenye simu.

Kuhusu usajili, wengi huuona usumbufu. Umoja unaochanga kifusi mara mbili kwa mwaka unaweza kwenda hivihivi, mradi mwenyekiti wa mtaa anautambua. Ukifika kwenye mali, mambo yanabadilika. Chama husajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, na kikitaka kumiliki ardhi au kisima kwa jina lake kinahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Ni makaratasi, na ni safari kadhaa za mjini ambazo tena atazifanya mtu wa kujitolea. Lakini kisima kinachimbwa wapi, kama si kwenye kiwanja cha yule aliyekubali kuongoza? Majirani arobaini wanachanga, pampu inafungwa, tangi linapandishwa juu ya mnara, na hati ya kiwanja ni ya mwenyekiti. Akiuza nyumba, au akifariki na watoto wakagawana, mnunuzi halazimiki kumjua mtu yeyote kwenye lile grupu. Makubaliano hayo yaandikwe na kushuhudiwa kabla mashine ya kuchimba haijaingia uani.