Mafuta ya Ndege

Mdogo wake mume wangu ana ugonjwa wa namba kubwa. Simu anachagua kwa megapikseli, tochi kwa wati, na hata dawa ya mbu anasoma asilimia kwanza. Siku alipogundua kwamba petroli nayo ina namba, nilijua hatutapumzika.

Aliigundua kwenye simu. Mmarekani mmoja alikuwa amesimama mbele ya pampu yenye vitufe vitatu, 87, 89 na 93, anaeleza ipi inafaa gari la familia. Shemeji hakusubiri maelezo, alibeba namba tu akaja nazo jikoni.

"Shem, RAV4 yako unaipa ngapi?"

"Naipa ya elfu thelathini."

Akanitazama kwa huruma.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, si fundi, lakini gari ni langu na nimelisoma. Nikamweleza taratibu kwamba oktani, yaani hiyo namba yake, si nguvu. Ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia yenyewe badala ya kuwashwa na cheche ya plagi. Injini ya turbo, au inayobana sana, inaihitaji. Yangu ya lita mbili Mjapani aliipangia petroli ya kawaida, na ya kawaida kwao inaanzia 89. Hiyo 87 ya Mmarekani nayo isimtishe, kwa sababu wao wanaandika wastani wa vipimo viwili, wakati Wajapani na sisi tunatumia kimoja tu, RON, ambacho namba zake huwa kubwa zaidi. Ile 87 kwetu ingekuwa kama 91 au 92.

Katika yote hayo shemeji alisikia maneno mawili: kubwa zaidi.

Mwezi ule tulikuwa na harusi Marangu, upande wa mume wangu, na sisi wa Arusha tukapewa jukumu la ndafu. Kwa asiyemjua ndafu, ni mbuzi mzima wa kuchoma, anasimamishwa mezani na majani mdomoni, na watu humwita keki ya Kichaga. Mama mkwe alikaa mbele, Baba Nuru kwenye usukani, mimi na shemeji nyuma. Ndafu alikuwa kwenye buti, amefungwa foili kwa heshima zote, na pembeni yake kulikuwa na dumu la njano la lita 20.

"Dumu la nini?"

"Utalijua huko mbele, shem."

Kufika Boma Ng'ombe, mama mkwe akaanza kunusa. "Nani amebeba koroboi humu ndani?" Hakuna aliyejibu. Tukafungua vioo.

Himo mshale wa mafuta ulikuwa umeshalala. Nikasema tuingie sheli. Shemeji akaruka: "Kaka, pita! Simama pale kwenye kivuli." Ndipo siri ikatoka. Ana rafiki yake mlinzi kwenye uwanja mdogo wa ndege. Kila asubuhi marubani huchota mafuta kidogo kutoka kwenye tenki kuangalia kama yameingia maji, na yale ya kuangalizia humwagwa kwenye pipa. Yeye aliomba dumu moja.

"Mafuta ya ndege, shem! Oktani mia! Mlima unataka oktani."

Hapo nilishuka. Kwanza nikamwambia petroli ya ndege ya oktani 100 ina rangi ya bluu, hii yake mbona haina rangi? Akasema inapauka ikikaa. Nikamwambia hata ingekuwa ya bluu, ina madini ya risasi ndani, itaniulia masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Akasema masega yatazoea. Kuhusu mlima, nikamwambia ukweli ni kinyume: kule Colorado, Marekani, ambako ni juu sana, wanauza 85 kama petroli ya kawaida, maana hewa ikiwa nyepesi injini haibani kwa ukali ule ule. Halafu Arusha yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulikuwa tumeteremka hadi Himo na sasa tunapanda kurudi kimo kile kile tulichotoka nacho asubuhi, bila oktani ya mtu.

"Mama Nuru, mwache mtoto amimine," akasema mama mkwe kupitia dirishani. "Tumechelewa."

Mtoto ana miaka thelathini na minne. Baba Nuru, ambaye tangu nimjue hajawahi kumkatalia mdogo wake kitu, alikuwa ameshakata chupa ya maji kutengeneza faneli. Tone moja lilinidondokea kidoleni. Petroli ingekauka hapo hapo na kuacha ubaridi. Hili lilikaa, linateleza.

Tukaondoka. Mwanzoni gari lilienda vizuri na shemeji akawa ananigonga bega: "Unasikia linavyovuta? Unasikia?" Lililokuwa linavuta ni petroli yangu iliyobaki kwenye mipira. Ilipoisha, injini ikaanza kugonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ikafuata misi. Taa ya injini ikawaka. Halafu moshi mweupe ukatoka nyuma, mzito, bodaboda iliyokuwa inatufuata ikapotelea humo na kutokea upande wa pili dereva anakohoa. Watoto kwenye migomba wakapiga kelele kwamba gari linaungua. Kwenye kona kali likazima kabisa. Mama mkwe, ambaye magoti yamemsumbua miaka mingi, alikuwa wa kwanza kufika ng'ambo ya barabara, na mkoba wake.

Fundi alikuja na boda kutoka Himo. Alifungua mfuniko wa tenki, akanusa, akaufunga. Akaomba karatasi. Nilichokuwa nacho ni kadi ya harusi. Akadondoshea tone kutoka kwenye dumu, na pembeni yake tone la petroli ya boda, akaipeperusha. La boda likapotea. La shemeji likatanda, likaacha doa la mafuta kwenye jina la bibi harusi.

"Mama, haya ni mafuta ya taa."

"Ni ya ndege!" shemeji akabisha, akampigia rafiki yake, akaweka spika ili tuaibike wote pamoja.

"Oya, ulinipa ya ndege gani?"

"Ya Caravan."

"Caravan si Cessna?"

"Ni Cessna, lakini ina tabaini, injini ya jamii ya jeti. Zile ndogo za plagi ndizo zinatumia petroli ya bluu. Caravan inakunywa Jet A-1, ni ndugu wa mafuta ya taa, ila yenyewe imesafishwa vizuri. Kwani vipi, jiko la mama limegoma kuwaka?"

Kimya.

"Jiko gani?" akauliza mama mkwe.

Kumbe aliona aibu kusema ni ya gari, akaomba kwa jina la mama yake mzazi, kwamba hana cha kupikia.

Fundi alisema hapo hakuna la kufanya barabarani. Gari livutwe, tenki lishushwe, plagi zitolewe na kusafishwa, tuweke petroli ya sheli, na tumshukuru Mungu kwamba tumezimika mapema. Masalia ya dumu aliyachukua yeye ya kuoshea spea. Bili alimkabidhi shemeji, na kwa mara ya kwanza nikaona namba kubwa haijamfurahisha.

Tulimalizia safari na pikapu ya ndizi. Mama mkwe mbele, sisi nyuma na ndafu, ambaye sasa alikuwa na harufu ambayo hakuna limao lingeitoa. Shangazi mmoja alimnusa tukiwa bado tunashuka, akauliza kama Arusha siku hizi mbuzi anachomwa kwenye stovu. Mimi nilidhani habari zimeishia barabarani, ila Marangu ina bodaboda, na bodaboda zina midomo. Tulipoingia ukumbini tumembeba yule mbuzi, MC alikuwa ameshashika maiki.

"Ndugu waalikwa, tusimame tafadhali. Ndafu kutoka Arusha ametua salama. Familia ya abiria mnaombwa mbaki mmefunga mikanda mpaka meza kuu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shemeji akapunga mkono.