Wingu la Wilson Halisemi ya Limuru

Asubuhi moja ya Julai, nikiwa mwanafunzi wa urubani, nilipangiwa kurusha ndege kwenda Eldoret peke yangu. Taarifa ya hewa ya Wilson, uwanja wa Nairobi tunakorukia, ilisema mawingu yako futi 2,500 juu ya uwanja, na upeo wa kuona ni kilomita 10 na zaidi. Eldoret nako kulikuwa kweupe. Nikafurahi, nikatoka kwenda kupima mafuta. Kapteni, mwalimu wangu, akaniita: "Na Limuru je?"

Sikuwa na jibu. Limuru iko njiani, lakini haina uwanja wa ndege, kwa hiyo hakuna anayetoa taarifa ya wingu la huko. Lakini hesabu ilikuwa mezani. Wilson iko karibu futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Jumlisha 2,500, wingu linaanzia futi 8,000. Mji wa Limuru uko futi 7,300 hivi, na ukishika njia ya Kinale ardhi inazidi kupanda mpaka inaingia ndani ya wingu lenyewe. Kwa hiyo wingu lililokuwa juu kabisa Nairobi, kule lilikuwa ukungu unaolowesha majani ya chai. Aliyewahi kupanda matatu ya Naivasha mwezi wa saba anaujua ukungu huo. Mimi nimeupita mara nyingi nikisinzia dirishani, na bado sikuukumbuka nilipokuwa na ramani mkononi.

Tangu siku ile sina imani na viwango tunavyokariri kwa ajili ya mtihani. Anayeruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo vya ndege, chini ya futi 10,000 kwa kawaida anatakiwa aone kilomita 5 mbele, akae mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Sawa. Lakini hayo yanamhusu rubani aliyeruka saa 4,000 sawasawa na mwanafunzi aliyeruka saa 40. Marekani wamempa mwanafunzi mipaka yake: haruhusiwi kupaa juu ya wingu akapoteza kuiona ardhi, hata pale ambapo rubani mwenye leseni anaruhusiwa. Na ninachokipenda zaidi, mpaka wowote ambao mwalimu ameuandika kwenye daftari la saa za mwanafunzi unambana kisheria. Mwalimu akiandika upepo wa ubavuni usizidi noti 6 (karibu kilomita 11 kwa saa), basi ni 6, hata kama kitabu cha Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo, kinataja 12.

Mimi ningetaka kila mwanafunzi wa hapa kwetu asiondoke bila karatasi ya mipaka yake kama hiyo, iliyoandikwa usiku wa kuamkia safari. Yangu inasema: wingu liwe futi 2,000 juu ya mlima mrefu kuliko yote njiani, si juu ya uwanja. Kwa njia ya Eldoret mlima huo ni Timboroa, futi 9,000. Na kurudi, niwe chini Wilson kabla ya saa nane mchana, mawingu ya mvua hayajavimba juu ya Bonde la Ufa.

Kwa nini iandikwe? Kwa sababu ukiwa juu utajibembeleza. Wingu haliji mara moja. Linashuka kidogo, nawe unashuka futi 200. Linashuka tena, unasema nitavuka tu mgongo huu wa mlima, ng'ambo kutakuwa kweupe. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwaweka marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vyombo katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu.

Halafu kuna pesa, jambo ambalo walimu hawapendi kulizungumza. Mwanafunzi anayegeuka Naivasha amelipia saa nzima ya ndege, na ile safari ya peke yake ya kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili, ambayo viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinaidai kabla ya leseni, bado inamsubiri. Mzazi ameuza shamba. Usiniambie kijana huyo anatazama wingu kwa macho yaleyale ya kapteni anayelipwa mshahara.

Wiki mbili baadaye nilifika Eldoret salama. Nikiwa kule, saa sita, upande wa Timboroa ukageuka rangi ya sufuria. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nikapiga simu kwamba silali nyumbani, nikatafuta gesti. Shule ilinitoza ada ya ndege kulala nje, na mpaka leo naona lilikuwa kosa lao, maana ada ile ilimfundisha kila aliyesikia kwamba kusubiri kuna faini. Kapteni hakuuliza kwa nini nimebaki. Aliuliza kama ndege nimeifunga kamba pande zote tatu.