Nyuso zetu nazo zinastahili kuta za taifa

Tangu nihamie London kutoka Kampala, kipindi cha televisheni ninachokifuatilia kuliko vyote ni Portrait Artist of the Year cha Sky Arts, chaneli ya sanaa ya Uingereza, shindano lililoanza mwaka 2013, ambamo wachoraji wa ridhaa hushindana na wale wanaoishi kwa kazi hiyo, kila mmoja akiwa na saa nne tu za kumchora mtu aliyeketi mbele yake. Muda ukiisha, aliyechorwa huchagua picha moja aende nayo nyumbani, na chaguo lake si lazima lilingane na la majaji.

Mshindi hupewa kazi ya kumchora mtu maarufu yenye thamani ya pauni 10,000, ila uzito wa tuzo hiyo mimi nauona mahali picha inapokwenda. Nick Lord, aliyeshinda mara ya kwanza, alimchora mwandishi Hilary Mantel kwa ajili ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na mshindi wa mwaka 2018, Samira Addo, alimchora mwimbaji Emeli Sandé, binti wa baba Mzambia, picha ikawa mali ya taifa huko Scotland.

Uganda hatujapungukiwa na vipaji. Chuo Kikuu cha Makerere kina mizizi ya uchoraji tangu Margaret Trowell alipoanza kufundisha miaka ya 1930, na vijana wa Kampala wanaochora kwa penseli nyuso za maharusi na marehemu wana mikono ya kuaminika. Wapo wanaowadharau kwa kuwa hunakili picha za simu. Hata hapa Uingereza washindani wengi huchora huku wakitazama picha waliyopiga kwa kifaa chao. Tofauti ni kwamba kazi ya kijana wetu huishia sebuleni kwa mteja, ilhali katika ofisi za serikali uso unaokutazama kutoka ukutani ni wa rais, nao umepigwa kwa kamera.

Nasi tuwe na shindano letu, ingawa sipendekezi tuige kila kitu, kwani Waingereza huketisha watu mashuhuri mno. UBC, shirika letu la utangazaji la taifa, lina kamera, na Nommo Gallery, jumba la sanaa la taifa pale Nakasero, lina kuta tangu mwaka 1964. Kinachohitajika ni taasisi hizo mbili kuahidi hadharani kwamba picha itakayoshinda itanunuliwa kwa bei ya haki na kubaki mikononi mwa umma. Wa kwanza kuketishwa mbele ya wachoraji, kama ningeulizwa, angekuwa mama anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala.