Changarawe ya Kivu na Hoja ya Kuzifunga Barabara za Milimani

Waendesha baiskeli wanaopenda barabara za changarawe wana ombi moja kubwa kwa wanaopanga mambo ya utalii: watengewe njia za milimani ambazo gari halipiti. Ombi hilo lina uzito wake, kwa kuwa mtu anayepanda mlima polepole, akiwa na mizigo yake kwenye fremu na matairi mapana yanayoserereka juu ya kokoto, hana pa kukimbilia lori linapochomoza kwenye kona likiburuta wingu la vumbi. Lakini milima ya ukanda wetu inakaliwa na watu, na wengi, na ile changarawe ambayo mgeni anaiona kuwa uwanja wake wa burudani ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha mwenyeji sokoni, shuleni na kwenye kituo cha afya. Mfano mzuri wa kuipima hoja hii ni ile njia ya Rwanda inayojulikana kama Congo Nile Trail.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 227, kutoka Rubavu, mji ambao wengi bado huuita Gisenyi, hadi Rusizi iliyo mkabala na Bukavu nchini Kongo, ikipita katika wilaya za Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Jina lake linatokana na safu ya milima inayogawa maji ya nchi: yateremkayo upande wa magharibi huishia mto Kongo, na ya mashariki huishia Nile. Msomaji asidhani kwamba kwa kuwa inapita kando ya Ziwa Kivu basi ni tambarare. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na ufuo wake umekatikakatika, kila ghuba ikimshusha mpanda baiskeli hadi karibu na maji na kila rasi ikimpandisha tena hadi kwenye mashamba ya kahawa, migomba na mikaratusi. Wengi hutumia siku tano kwa baiskeli, na wanaokwenda kwa miguu huhitaji karibu mara mbili ya hizo. Tena, Mswahili anayefika huko hatatafuta mkalimani kwa shida, kwa sababu miji ya ncha zote mbili hufanya biashara na Goma na Bukavu, na Kiswahili ndicho lugha ya biashara hiyo.

Wanaotaka magari yaondolewe huanza na usalama, lakini kwa maoni yangu hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya udongo. Barabara za huko zimekatwa kwenye miteremko mikali ya udongo wa mfinyanzi, na lori moja lililopita siku ya mvua huacha makorongo mawili ambayo maji ya mvua inayofuata huyageuza mifereji, na mifereji hiyo huishia kuteremsha udongo wa shamba la mtu hadi ziwani. Baiskeli mia haziwezi kufanya uharibifu huo. Barabara inayopitisha miguu, baiskeli na pikipiki chache huweza kutunzwa kwa majembe, mitaro ikizibuliwa kwa nguvu za wanakijiji, na Rwanda, yenye desturi ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ina watu waliozoea kazi hiyo. Zaidi ya hayo, mgeni anayesafiri kwa baiskeli hulala alipochokea. Hawezi kupita vijiji vitano kwa saa moja akiwa amefunga vioo. Atanunua ndizi, chai na chapati, atatafuta fundi wa kumzibia pancha, na fedha yake itabaki mahali ambapo basi la watalii halisimami.

Upande wa pili una hoja ambazo wapenda baiskeli huzisikiliza kwa adabu kisha wakazisahau. Mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku katika kijiji cha Rutsiro hahitaji utulivu wa mandhari, anahitaji gari la wagonjwa liweze kufika mlangoni. Kahawa nayo ina haraka yake: matunda yaliyochumwa yanapaswa kufikishwa kwenye kituo cha kuoshea siku hiyo hiyo, la sivyo huanza kuchachuka na bei hushuka, na sehemu kubwa ya mavuno huangukia masika, pale barabara inapokuwa mbaya kuliko wakati wowote. Kumwambia mkulima kwamba gari lisifike shambani kwake ili mgeni asile vumbi ni kumwomba alipie starehe ya mwingine. Vilevile, kipato cha utalii kina tabia ya kukauka ghafla. Mwanzoni mwa mwaka 2025, waasi wa M23 wa Kongo walipoiteka Goma mwezi Januari kisha Bukavu mwezi Februari, vita vilikuwa hatua chache kutoka ncha zote mbili za njia hii, na hakuna kipeperushi cha utalii kinachoweza kushindana na habari za namna hiyo. Kahawa haingoji mgeni apate utulivu wa moyo.

Kuna sehemu ambako kufunga barabara kumewezekana, na inafaa kuuliza kwa nini. Katika milima ya Alpi nchini Italia, magharibi mwa Torino, ipo barabara ya changarawe ya Assietta, iliyojengwa kwa matumizi ya jeshi na inayopita mgongoni mwa mlima, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi utaratibu wake umekuwa kwamba Julai na Agosti, kila Jumatano na Jumamosi mchana, magari na pikipiki haziruhusiwi, na siku nyingine kila mtu hupita. Jirani yake ni mlima wa Colle delle Finestre, ambao changarawe yake ya kileleni ilimpa Chris Froome ushindi wa mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia mwaka 2018 na Simon Yates mwaka 2025. Utaratibu wa kalenda unafanya kazi pale kwa sababu huko juu hakuna kijiji kinachokaliwa mwaka mzima, na anayetaka kwenda mji wa pili ana barabara ya lami bondeni. Kwetu, hali inayokaribia hiyo ni njia ya Kilema katika Mlima Kilimanjaro, inayotumiwa na magari ya hifadhi kwa mizigo na uokoaji na ambayo waendesha baiskeli nao huruhusiwa kuipanda. Utulivu wake unatokana na geti, na geti liliwezekana kwa sababu ndani ya hifadhi hapaishi mtu. Mwenye kuitaja Assietta au Kilema kama kielelezo kwa Kivu amelinganisha nyumba tupu na nyumba yenye watoto.

Hata hivyo Assietta ina funzo jingine, ambalo naona halijatiliwa maanani: ile lami ya bondeni. Barabara ya milimani huachwa na magari pale yanapopata njia bora zaidi ya kwenda kule kule, na hilo halihitaji amri. Hiki ndicho kilichotokea kando ya Kivu. Serikali ya Rwanda ilipojenga barabara ya lami ya kuunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, wapo wasafiri waliolalamika kwamba njia yao imeuawa. Malalamiko hayo ni ya haki kwa upande wa kusini, ambako kuanzia Karongi kwenda Rusizi njia ya zamani na lami vimegongana mahali pengi, na mpanda baiskeli hujikuta akipishana na malori kwa kilomita nyingi. Kwa upande wa kaskazini mambo yamekuwa kinyume. Mabasi na malori ya safari ndefu yamepanda kwenye lami, na vijia vya chini vilivyo karibu na maji vimebaki na waenda kwa miguu, baiskeli zenye magunia ya viazi, pikipiki za abiria na gari moja moja la kahawa. Mgeni akipata utulivu huko, amshukuru mkandarasi wa lami kabla ya kuishukuru ofisi ya utalii.

Kwa hiyo siungi mkono kufungwa kwa barabara yoyote ya kijiji kwa ajili ya baiskeli za burudani, wala siamini kwamba amri ya namna hiyo ingetekelezwa kwa zaidi ya wiki mbili. Ninachoona kinatekelezeka ni cha kawaida zaidi: barabara za chini zisipanuliwe pale ambapo lami iko karibu, malori mazito yazuiwe kwenye vipande vyenye utelezi wakati wa masika huku magari madogo ya kahawa na ya wagonjwa yakiachwa yapite, na mitaro ipewe fedha kabla ya mabango. Hapa mkulima na mgeni wanataka kitu kimoja, kwa kuwa mfereji unaomwangusha mpanda baiskeli ndio unaokwamisha pikipiki yenye gunia la kahawa.

Upande wa kusini ni mgumu zaidi, kwani vijia vya kandokando ya lami vipo lakini havijaungwa kuwa njia moja, na kuviunga kunamaanisha kupita katika mashamba ya watu ambao ardhi yao ni finyu tayari. Mwenye shamba akikataa, atakuwa na haki. Mpaka suala hilo litakapopatiwa jibu, anayetaka changarawe tupu apange siku mbili au tatu kutoka Rubavu, aishie Karongi, kisha yeye na baiskeli yake wapande boti.