Tusimimine dawa katika bahari ya sebuleni

Jumanne usiku, saa nne kasorobo, simu ililia. Rafiki yangu wa Ntinda, hapa Kampala, anayefuga wanyama wa bahari katika tangi la maji ya chumvi sebuleni. "Kaka, konokono wote wameanguka. Kamba amelala chali, anatikisa miguu tu. Chumvi nimepima iko sawa, joto liko sawa. Kuna nini?" Nikamuuliza swali moja: leo umemwaga nini humo ndani? Akanyamaza. Kisha akanitajia chupa aliyouziwa mchana huo, dawa ya kuua wadudu wote wa tangi. Nikamwambia anisomee kibandiko neno kwa neno. Hakufika mbali kabla ya kulitamka neno shaba.

Nilipanda boda kutoka Kibuli nikiwa nimebana dumu la maji ya chumvi katikati ya magoti. Nilipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Konokono kumi na wawili wako chini mchangani. Kamba yule mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe, aliyezoea kupanda mkononi mwa binti yake kuchukua chakula, hatikisiki tena. Matumbawe laini yamesinyaa kama soksi zilizoloa. Samaki wawili wazima kabisa wanazunguka juu yao. Na aiptasia, wale wanyama wadogo wa kahawia wanaofanana na ua, ambao dawa ilinunuliwa kwa ajili yao, zimejivuta ndani ya matundu ya mawe. Siku ya pili nyingine zilikuwa zimechanua tena.

Tangu usiku ule nimebeba hasira, na sitaki kuimeza. Aliyemuuzia chupa ile hakumuuliza kama ndani ya tangi mna kamba. Hakumuuliza kama mna matumbawe. Alisikia neno "wadudu", akanyoosha mkono kwenye rafu. Ni mazoea yetu ya kila mahali: nyanya zina madoa, piga dawa, kuku amezubaa, mpe dawa, tangi lina kitu cha kahawia kinachopepea, mimina dawa. Shambani mvua inanyesha, udongo unachuja, upepo unapeperusha. Tangi la lita 200 halina mvua wala mto wa kutokea. Ulichomwaga humo unakaa nacho.

Na shaba ndiyo inayokaa kuliko zote. Katika tangi la samaki watupu, lisilo na jiwe wala mchanga, ni dawa ya kweli ya ugonjwa wa vidoa vyeupe vya samaki, nami nimewahi kuitumia na ikaponya. Kipimo kidogo mno, karibu miligramu 0.2 kwa lita, humuua mdudu wa vidoa akiwa bado anaogelea kutafuta samaki. Lakini kamba na konokono hawavumilii hata kiasi hicho. Damu ya kamba yenyewe imejengwa kwa shaba, mwili wake unaipima kwa chembe, ukimzidishia anakufa. Halafu mawe yetu ni chokaa. Chokaa huinyonya shaba wakati wa dawa, na baadaye huitoa polepole, wiki baada ya wiki, hata kama umebadilisha maji mara kumi. Mtu anadhani amesafisha, ananunua konokono wapya, nao wanakufa, naye haelewi kwa nini.

Sasa tuizungumze aiptasia, maana simtetei. Ni anemoni mdogo wa kahawia, anakuja amejificha kwenye jiwe, na ukimwona mmoja jua wapo kumi. Anachoma matumbawe yaliyo jirani mpaka yanarudi nyuma. Ukimkwangua kwa kisu umemsaidia, kwa sababu kila kipande cha mguu wake kilichobaki juu ya jiwe kinaota kuwa anemoni mpya. Niliwahi kukwangua saba, nikavuna zaidi ya ishirini. Anayemwogopa ana haki. Ninachokataa ni kwamba kwa sababu ya kumwogopa tuwachinje wote wanaoishi naye.

Kila mla ana wa kumla. Bibi yangu Masaka hakuwahi kununua sumu ya migomba. Kayovu, yule fukusi anayetoboa kitako cha mgomba, alimtegea kwa vipande vya mgomba uliokwisha kukatwa, anavipasua na kuvilaza chini ya shina, uso wa majimaji ukiangalia udongo. Usiku fukusi wanafuata harufu. Asubuhi bibi anavigeuza, anawaokota, kuku wanasubiri pembeni. Nilikuwa nashika kopo. Sikujua wakati ule kwamba ninafundishwa ufugaji wa samaki.

Na kama mtu anadhani haya ni mambo ya bibi na kuku, akumbuke ziwa letu, Victoria. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanajua gugumaji lilivyotufanya: mialo imezibwa, mitumbwi haitoki, meli za Port Bell zinahangaika, mitambo ya umeme Jinja inasongwa na majani. Palikuwa na watu waliotaka ziwa linyunyiziwe sumu ya magugu, ziwa ambalo tunakunywa. Walioletwa badala yake ni aina mbili za fukusi wa jamii ya Neochetina, wenyeji wa Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Walianza kazi Ziwa Kyoga, na mwaka 1995 wakaachiwa Ziwa Victoria. Mkubwa anakwaruza jani, mtoto wake anatoboa bua kwa ndani, bua linajaa maji, mmea unazama. Kufikia mwisho wa muongo ule maji yalionekana tena. Najua, wapo wanaosema mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 ndiyo yaliyolivunja gugu. Sawa, yalisaidia, na gugu halijaisha mpaka leo, linarudi kwa vipindi. Lakini mawimbi yalikuta mimea iliyokwisha kutobolewa. Na fukusi hakula samaki hata mmoja.

Muhogo wetu nao uliokolewa na nyigu mdogo kutoka Amerika Kusini, anayetaga ndani ya kidung'ata, yule mdudu anayefyonza muhogo. Hilo ni somo la siku nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri, kwa sababu wapo wanaosoma mpaka hapa halafu wanakimbia dukani kununua mnyama yeyote mwenye mdomo. Ziwa lile lile lina somo la pili, nalo ni chungu. Miaka ya 1950 alitiwa sangara, mputa, kwa matumaini kwamba atawageuza samaki wadogo wadogo kuwa nyama kubwa. Aliwageuza kweli. Nkejje, ndio hao samaki wadogo, walikuwa mamia ya aina, kila moja na rangi zake na mlo wake, na aina nyingi hazijaonekana tena. Wengine kati yao ndio waliokuwa wakila mwani na uchafu wa ziwa. Sangara hakuwa na kosa, alikula kilichopita mbele yake. Tofauti yake na fukusi wa gugumaji ni moja: fukusi anakula gugu tu, na alijaribiwa kwanza kwenye mimea mingine kabla ya kuachiwa. Mla mmoja ana mlo mmoja, mwenzake ana tumbo tu.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Niliponunua kamba wangu wa kwanza wa kula aiptasia, nilipewa mwenye kibyongo, mwekundu, mwenye madoa na mistari myeupe, macho makubwa. Mrembo sana. Baada ya wiki mbili aiptasia zangu zilikuwa palepale, na matumbawe laini yalikuwa yamenyofolewa moja baada ya jingine. Yule ni kamba ngamia. Anayetakiwa, Lysmata wurdemanni, mwili wake unapitisha mwanga, ana mistari myekundu, na hana doa jeupe hata moja. Tazameni kabla ya kulipa. Muuzaji akikuambia wote ni sawa, toka. Na hata huyo wa kweli hana ahadi: ukimshibisha chakula cha samaki kila siku, hatasumbuka kupigana na anemoni anayechoma.

Ndiyo maana moyo wangu uko kwa berghia. Ni konokono asiye na gamba, urefu wake haufiki upana wa vidole viwili, mgongoni ana nywele nene kama majani. Anakula aiptasia na hali kitu kingine chochote. Si tumbawe, si mwani, si chakula utakachomtupia. Anamla mchomaji, na vile vimkuki vya sumu alivyovimeza havimdhuru, vinahamia mgongoni mwake na kuwa silaha yake. Hutoka usiku. Niliagiza sita kwa mtu anayeingiza samaki kupitia Entebbe, wakafika wanne wazima. Niliwashusha kwa bomba usiku, taa zimezimwa, pampu zimezimwa, karibu kabisa na kundi kubwa la adui.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili, sikuona kitu. Mke wangu alikuwa na adabu ya kutouliza bei. Wiki ya tano nikaamka kuswali alfajiri, nikamulika kwenye kioo, nikaona uzi mweupe umezungushwa kama mkeka unaoanza kusukwa: mayai. Kuanzia hapo aiptasia zilianza kupotea kutoka nyuma kwenda mbele, mahali ambapo kisu changu hakikuweza kufika kamwe. Kufikia mwezi wa nne tangu niwashushe hapakuwa na hata moja.

Na hapo linakuja jambo ambalo wengi hulitaja kama kasoro. Adui akiisha, berghia anakufa njaa. Ni kweli. Basi usimwache afe, mpeleke kwa mwenzako. Kijijini watu huazimana beberu; mbuzi zangu zikishapata mimba, namfunga kamba namvusha kwa jirani, na msimu ujao yeye atanivushia wake. Berghia wangu wamekwenda Muyenga, wakarudi Kibuli, na sasa wako Entebbe kwa mama mmoja ambaye wiki iliyopita alinipigia kwa furaha kwamba wametaga. Sisi wafugaji wa maji ya chumvi hapa Uganda ni wachache, bahari iko mbali, kila mnyama anafika kwa jasho. Tukishirikiana, wanyama wanne wanatosha mji mzima. Kwenye chupa ya dawa hakuna ushirika wa aina hiyo.

Nakiri yafuatayo. Berghia ni ghali. Samaki wa mistari sita atawala wote usiku mmoja, na kamba naye hafai kukaa nao, kwa hiyo lazima uchague msaidizi mmoja na usirundike. Kama una aiptasia mbili tu na zote unazifikia, chukua sindano, mpakie uji mzito wa chokaa mdomoni, pampu zikiwa zimezimwa; sitakulaumu. Na kama unalisha tangi mara nne kwa siku, hakuna mnyama atakayekuokoa, kwa sababu unamlisha adui pia. Punguza mkono.

Usiku ule Ntinda, tukiwa tunatoa maji, rafiki yangu aliniomba berghia. Nilikataa. Ningewaleta wangekufa kabla ya asubuhi. Mawe yake yote tumeyatoa, mchanga tumeutoa, samaki wako kwenye tangi la pembeni. Jiwe moja tu ndilo lililokuwa na matumbawe yaliyokuwa bado yanajaribu kufunguka, na binti yake alilishika kwa mikono miwili akakataa lisitupwe. Nimelichukua. Liko kwangu kwenye beseni peke yake, nalibadilishia maji kila siku. Juu yake kuna aiptasia tano.

Jumamosi tunachanganya chumvi upya, kama kilo saba, kwenye tangi lililooshwa na mawe mapya makavu. Konokono mmoja ataingia kwanza kwenye beseni lile. Akitimiza wiki mbili anatembea, jiwe linarudi Ntinda, nami nitakwenda Entebbe kuchukua berghia wanne katika kikombe chenye kifuniko.