Vipaji kwetu vipo, mwalimu wa muziki ndo hatutaki kumlipa

Kila nikiongea na ndugu zangu Tanzania swali ni lile lile, lini tutakuona kwenye TV na okestra kubwa, nikiwajibu kwamba kazi yangu hasa hapa Ujerumani ni kufundisha watoto klarineti, ile ala ndefu nyeusi ya kupuliza, nasikia kabisa sauti zinapoa, kama vile maisha yamenishinda. Jamani hapo ndo tunapokosea.

Ujerumani ina okestra karibu 130 zinazoendeshwa kwa hela ya umma, na bado hazitutoshi, maana okestra moja inachukua wapiga klarineti wachache tu na mtu akishapata nafasi anakaa mpaka anastaafu. Ikitokea nafasi watu wanajaa, unapiga nyuma ya pazia ili majaji wasikuone, na karibu kila mara unaanza na ile konseto ya Mozart ya mwaka 1791, yaani utunzi wa klarineti na okestra, dakika chache tu unaambiwa asante, nenda. Halafu kuna kitu sisi tuliojifunzia Afrika Mashariki hakuna anayetuambia mapema, klarineti tulizozoea ni za mfumo wa Kifaransa, ule wa Boehm, ila okestra za huku zinataka za mfumo wa Kijerumani, vidole vinapangwa tofauti, na lazima uwe nazo mbili, ya Bi flati na ya A (hayo ni majina ya sauti ambayo klarineti imetengenezewa), kila moja euro elfu kadhaa. Kwa hiyo wengi wetu, hata Wajerumani wenyewe, tunakula kwa kufundisha, wikiendi unapiga kanisani au unaitwa kuziba pengo mahali.

Na kufundisha huku ni kazi kama kazi nyingine. Shule za muziki za umma ziko zaidi ya 900, mtoto wa fundi bomba anakodi klarineti kwa hela ndogo ya mwezi, kila wiki yuko darasani. Sio kwamba walimu tunaogelea kwenye hela, wengi walikuwa wanalipwa kwa saa tu, likizo hulipwi, ukiugua hulipwi, mpaka kesi ya mwalimu mmoja wa piano wa mji wa Herrenberg ikafika mahakama ya juu ya hifadhi ya jamii na mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba yule alikuwa mwajiriwa. Miji mingi ikalazimika kukaa chini kuangalia upya mikataba ya walimu wake, kwa sababu ya mwalimu wa piano!

Sasa nyumbani. Mimi nilifundishwa na mzee mstaafu wa bendi ya polisi, nyuma ya kanisa, wazazi wakimpelekea ndizi na kumwambia Mungu akubariki. Mzee yule alisoma nota kama wewe unavyosoma meseji, alipanga sauti za bendi nzima kichwani, pedi, vile vifuniko laini vya kuziba matundu, zikioza kwa unyevu alizibadilisha mwenyewe, ridi moja, kale kaubao kembamba ka mdomoni kanakotoa sauti, alitufundisha kuitumia mpaka iishe kabisa. Watu kama yule wanastaafu polisi na jeshini kila mwaka wanaenda kulima na ujuzi wao wote, hakuna anayewauliza.

Na watoto wetu masikio wanayo! Mtoto wa kwaya ya usharika anasikia wimbo mara moja tu, anaingia na sauti ya tatu bila kuambiwa. Wanafunzi wangu wa huku wanasoma nota vizuri sana ila funika karatasi uone, wanaganda, inabidi niwafundishe kuimba kwanza, kitu ambacho kwetu mtoto anakuja nacho kutoka nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata mbao ni yetu. Klarineti nzuri ni mpingo, huu huu wa vinyago vya Wamakonde, mti unaochukua miaka 70 mpaka 100 kukomaa, na vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha kuvuna kwa uangalifu mwaka 2009, hongera zao kwa kweli. Lakini nitafutie mtoto wa Kilwa aliyewahi kushika klarineti.

Wengine wananiambia rudi tujenge ukumbi. Ukumbi wa nini wakati chuo cha muziki cha DCMA pale Zanzibar, kilichoanza 2002 na kinafundisha ala za nyuzi kama udi, ganuni na fidla vizuri kabisa, kimewahi kukaribia kufungwa kwa kukosa hela? Mimi nasema usharika mmoja tu uanze kumlipa mstaafu mmoja wa bendi mshahara wa mwezi kama unavyomlipa mwinjilisti, vyombo viwe vya usharika, watoto waazime. Klarineti za plastiki nitazipata huku, wazazi wanazo makabatini watoto wameshakua, na plastiki haipasuki kama mbao. Anayemjua mstaafu wa hivyo, Moshi, Dodoma, popote, aniandikie tuongee na wazee wa kanisa, ila nasema mapema kabisa, natuma mzigo siku mkataba wa mwalimu ukishasainiwa, kabla ya hapo situmi hata ridi moja.