Haifichiki kabisa, inachelewa kuonekana

Kuna mwandishi anayesema manowari (meli za kivita) za Ufaransa za aina ya La Fayette "hazionekani kwenye rada". Zinaonekana, ila kwa kuchelewa. Meli ina urefu wa mita 125 na uzito wa tani 3,600 hivi, utaificha wapi? Kilichofanyika ni kuinamisha kuta za juu nyuzi 10, ili mawimbi ya rada yadunde pembeni badala ya kumrudia aliyeyatuma. Nanga, kamba na vigingi vya kufungia meli vimewekwa nyuma ya kuta, maana kona ya mraba, hata ndogo, hurudisha mwangwi kama kioo. Mlango ukiachwa wazi au mashua ikining'inia nje, sehemu kubwa ya kazi hiyo imepotea. Na hesabu yenyewe ni bahili: punguza mwangwi hadi 1/16, umbali wa kugunduliwa unapungua nusu tu, yaani kilomita 40 zinakuwa 20. Si haba, kwa meli iliyobeba makombora 8 ya Exocet, ya kupigia meli nyingine. Ila nahodha akiwasha rada yake mwenyewe, adui mwenye kipokezi kizuri humsikia akiwa mbali kuliko rada hiyo inakofika.